Kamba Inapofupishwa: Jinsi Slalomu ya Majini Ilivyoniteka

Miongoni mwa michezo ya kuteleza majini, slalomu ndiyo iliyoniteka, na kadiri ninavyoijua ndivyo inavyozidi kunishika. Kwa asiyewahi kuiona, mchezo wenyewe uko hivi: boti hupita katikati ya njia iliyonyooka yenye urefu wa mita 259, huku mtelezaji aliyesimama juu ya skii moja, yaani ubao mrefu mwembamba wa kutelezea, akivutwa kwa kamba iliyofungwa kwenye nguzo fupi katikati ya boti. Mtelezaji huingia kupitia lango la maboya mawili, huzunguka maboya sita yaliyopangwa matatu kila upande, kisha hutoka kwa lango la pili. Kila boya la kuzunguka liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Boti haikunji kona hata kidogo. Anayekwenda huku na huku nyuma yake ni mtelezaji peke yake.

Kilichonivuta kwanza ni kwamba vipimo hivi havibadiliki. Kutoka langoni hadi boya la kwanza ni mita 27, kutoka boya hadi boya ni mita 41 kwa kufuata mstari wa boti, na kutoka boya la sita hadi lango la kutokea ni mita 27 tena. Anayejifunza na bingwa wa dunia hupita njia ileile. Kinachowatofautisha ni mambo mawili tu, yaani kasi ya boti na urefu wa kamba, na kwa hiyo mtu hahitaji mwamuzi wala mpinzani ili ajue amefika wapi. Maboya matatu kwa kasi fulani na kamba fulani ni maboya matatu, na kesho yake anajua kwamba anatafuta la nne.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, juu ya skii mbili, kisha nikaacha moja, kisha nikajifunza kuinuka kutoka majini kwa skii moja tangu mwanzo. Hatua hiyo ya mwisho huwatisha wengi, nami nawashauri waiangalie kwa utulivu, maana siri yake ni ndogo: magoti yakunjwe hadi karibu na kifua, mikono inyooke, ncha ya skii ichomoze juu ya maji, halafu boti iachiwe kazi ya kuvuta. Anayeharakisha kusimama husukuma skii chini na maji humshinda nguvu. Anayengoja hadi skii ianze kuteleza juu ya maji huinuka karibu bila jasho. Ralph Samuelson, kijana wa Minnesota nchini Marekani aliyeanzisha mchezo huu mwaka 1922 katika ziwa Pepin, alihangaika na mbao za mapipa na skii za theluji kabla ya kujitengenezea mbao pana za kwake, na alifanikiwa kusimama pale alipojiegemeza nyuma na kuacha ncha zitokeze juu ya maji. Zaidi ya miaka mia imepita, na mwanafunzi wa leo bado huambiwa jambo hilohilo.

Kuteleza kwa uhuru nyuma ya boti, bila maboya, kunapendeza sana, na kuna watu wanaoridhika nako maisha yao yote. Mimi mwenyewe nilidhani ningeishia hapo. Lakini maboya yana ukali wa aina yake, kwa sababu yanadai uwe mahali fulani kwa wakati fulani, na boti haikungoji. Boti ikienda kilomita 34 kwa saa, kutoka boya moja hadi lifuatalo una sekunde 4 na kidogo. Ikienda kilomita 58 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu kabisa kwa wanaume katika mashindano, una takribani sekunde mbili na nusu, na njia nzima humalizika kwa sekunde 16 hivi. Kwa wanawake kasi ya juu ni kilomita 55 kwa saa. Tena wakati boti inapita mita 41, mtelezaji lazima avuke kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hata kama angeweza kwenda moja kwa moja kama rula angepita mita 47. Ukiongeza mviringo wa kila kona, umbali unazidi zaidi. Maana yake ni kwamba hawezi kwenda kwa kasi ya boti muda wote. Hana budi kuipita sana anapokata katikati, halafu apunguze sana anapofika kwenye boya, na afanye hivyo mara sita bila kupumzika.

Hapa ndipo penye utamu wa slalomu. Mtazamaji aliye ufukweni huona ule mnyunyizio mkubwa wa maji unaopaa kwenye kona, akadhani kona ndiyo kazi. Kona ni matokeo. Kazi imekwisha kufanyika kabla, pale mtelezaji alipokuwa akivuka mawimbi mawili yanayoachwa na boti, na jinsi alivyovuka ndiyo iliyoamua kama atalifikia boya mapema akiwa ametulia, au atalifikia akiwa amechelewa na anakimbizana nalo. Ukifika umechelewa kwenye boya la pili, utachelewa zaidi kwenye la tatu, na kwenye la nne huenda usifike kabisa. Ndiyo maana wanaoujua mchezo huu humtazama mtelezaji langoni tu wakajua atamaliza au hatamaliza.

Nitaeleza kona moja kwa ukaribu, kwa kuwa ndiyo ninayoiota usiku. Tuseme unatoka langoni unaelekea boya la kwanza, lililo upande wa kulia. Umejilaza mbali na boti, mwili umenyooka kuanzia kisigino hadi begani, mikono imenyooka pia, mpini wa kamba uko karibu na nyonga, na uzito wote wa mvuto unapita kwenye mifupa badala ya kubebwa na misuli ya mikono. Unayavuka mawimbi yote mawili katika hali hiyohiyo, bila kuinuka. Baada ya wimbi la pili unaiacha skii ihamie ubavu wake wa pili, nayo inakwenda nje yenyewe huku kamba ikikuzungusha, nawe unaendelea kuubana mpini karibu na mwili. Kisha mkono ulio mbali na boti unaachia, mkono wa upande wa boti unanyooka taratibu kuelekea boti, magoti yanalegea, uzito unakaa juu ya mguu wa mbele, na skii inapungua mwendo, inazama kidogo, inaanza kugeuka chini yako. Boya linapita ubavuni. Kwa muda mfupi kamba haina uzito wowote mkononi, halafu skii inamaliza kugeuka, mkono ulioachia unaurudia mpini karibu na nyonga, na mvuto unarudi wote kwa mpigo. Ukiwa umejipanga vizuri, mvuto huo unakurusha kuelekea upande wa pili. Ukiwa umekaa vibaya, kamba inalegea, na boti inapoikaza tena unanyakuliwa kiunoni kama gunia.

Watu wenye nguvu nyingi za mikono mara nyingi huteseka katika hatua hii kuliko wembamba, na jambo hili lilinifurahisha sana nilipolielewa. Mwenye misuli huvuta kamba kuelekea kifuani, na akifanya hivyo mabega yanapinda kuelekea boti, skii inapoteza pembe yake, na kasi inayopatikana inaelekea mbele badala ya kwenda upande. Mkao sahihi unamshinda mwenye nguvu, na mkao hujengwa kwa subira. Mwanzoni ni busara kuifanyia kazi hiyo nje ya maboya, kwa kukata huku na huko kwa mapigo yanayolingana, kisha kuingia kwenye njia kwa kasi ndogo na kuyapita maboya kwa ndani, ili kwanza macho na mwili vizoee mwendo wake kabla ya kulazimika kufika mita 11.5.

Sasa nije kwenye kamba, kwa sababu ndiyo inayoufanya mchezo huu usiwe na mwisho. Katika mashindano, mtelezaji akimaliza maboya yote sita, kasi huongezwa kwa kilomita 3 kwa saa, na akifika kasi ya juu ya kundi lake, kamba ndiyo huanza kufupishwa. Kamba ya kuanzia ina mita 18.25. Inafuata 16, kisha 14.25, 13, 12, 11.25, 10.75, 10.25, 9.75 na 9.5. Kila urefu una kitanzi chake, na vipande vya kamba hutofautishwa kwa rangi, hivi kwamba anayeshughulikia kamba ndani ya boti huondoa kitanzi kimoja kwenye nguzo na kuvisha kingine bila kupima chochote.

Linganisha namba hizo na umbali wa boya. Kamba ikifika mita 11.25, ni fupi kuliko mita 11.5 zinazotenganisha boya na mstari wa boti, na kwa vyovyote mtelezaji hawezi kuning'inia ubavuni mwa boti kwa pembe mraba. Kuanzia hapo kamba peke yake haiwezi kumfikisha. Kinachobaki kinazibwa na mkono ulionyooka na mwili uliojilaza, huku skii ikipita nje ya boya na kichwa kikiwa ndani yake. Mwaka 2013 Nate Smith wa Marekani aliweka rekodi ya dunia kwa kuzunguka maboya mawili na nusu akiwa na kamba ya mita 9.75. Nusu hiyo ni sehemu halali ya matokeo, maana hata nusu na robo ya boya huhesabiwa, na mashindano makubwa yameamuliwa na vipande hivyo. Kwa upande wa wanawake namheshimu mno Regina Jaquess, naye wa Marekani, ambaye ameivunja rekodi ya dunia zaidi ya mara moja huku taaluma yake ikiwa ufamasia. Kwa sisi tunaoteleza baada ya kazi, mfano wake una uzito mkubwa.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa kuwa anayeanza hana haja ya kuvihofia. Skii ya slalomu ina uvungu kidogo upande wa chini ili ishike maji inapolalia ubavu, ina viatu viwili vilivyopangwa mmoja nyuma ya mwingine, na mkiani ina pezi la chuma lenye kibawa kidogo kinachosaidia kupunguza mwendo kabla ya kona. Pezi hilo husogezwa mbele, nyuma, juu au chini kwa vipande vya milimita, na tofauti isiyoonekana kwa macho huhisiwa na mguu mara moja: likizama zaidi mkia unashika sana, likipungua mkia unateleza kwenye kona. Ushauri wangu ni kwamba asiyemaliza maboya sita kwa utulivu aliache pezi lilivyotoka kiwandani na ashughulikie mkao wake kwanza.

Boti nayo ina mchango ambao wengi hawauoni. Boti za slalomu hutengenezwa ili ziache mawimbi madogo, na nguzo ya kamba huwekwa karibu na katikati ili mvuto wa mtelezaji usiuyumbishe mkia wa boti. Mtelezaji anapovuta kwa nguvu, boti hutaka kupungua kasi, na siku hizi mtambo unaotumia setilaiti huirekebisha injini papo hapo. Hata hivyo dereva ndiye roho ya zoezi. Anayeshika mstari sawasawa na kuongeza kasi polepole wakati wa kuinuka humfundisha mtelezaji bila kusema neno. Pembeni yake lazima awepo mwangalizi, ambaye kazi yake ni kumtazama mtelezaji tu na kupokea ishara zake: kidole gumba juu kwa kuongeza kasi, chini kwa kupunguza, na mkono kupigapiga kichwa kwa kurudi nchi kavu. Anayeanguka huonyesha ishara kwamba yuko salama, boti humrudia polepole, na injini huzimwa kabla hajaikaribia. Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa kila mara, na kamba haizungushwi mkononi wala kwenye mwili kwa sababu yoyote ile. Katika mambo haya mimi sina mjadala na mtu.

Saa ninazozipenda ni za alfajiri, upepo ukiwa haujaamka, maana maji yaliyotulia humwonyesha mtelezaji kila anachokifanya. Tunakuwa watatu, na tunapokezana usukani, uangalizi na kamba. Nimegundua kwamba ninajifunza mengi nikiwa mwangalizi kuliko nikiwa majini, kwa sababu nikikaa ndani ya boti nikitazama nyuma ninaona dhahiri wapi mwenzangu alianza kuchelewa, na karibu kila mara ni langoni.

Kwa hiyo lango ndilo ninaloshughulika nalo sasa. Kabla ya kuingia, mtelezaji hujitoa kwanza upande wa kushoto wa boti, huteleza huko kwa muda mfupi akiwa amesimama wima na ametulia, kisha hugeuka na kukata kuelekea boya la kwanza akipita kati ya maboya mawili ya lango. Akigeuka mapema mno huingia nje ya lango na jaribio limekwisha. Akichelewa hupita bila pembe na boya la kwanza humkuta akikimbia. Ninatafuta upana zaidi upande ule wa kushoto, ili mwendo wangu ulingane na wa boti kabla ya kugeuka, na nimeona kwamba nikipata upana huo, boya la kwanza na la pili huja bila haraka. La tatu bado linanidai. Kasi yangu ni kilomita 46 kwa saa, kamba ingali ya mita 18.25, na sitaiongeza kasi hiyo hadi maboya yote sita yatoke katika lango zuri, si katika kukimbizana. Kitanzi cha mita 16 kipo tayari kwenye kamba yetu, cha rangi ya chungwa, na mwenzangu amekwishanionyesha jinsi kinavyovishwa.