Kuanza Bustani ya Mboga Mwezi wa Machi, Mombasa

Mwezi wa Machi ndio mwezi ambao wapenzi wa bustani katika nchi za baridi huanza kuchangamka, na ndio huo huo ambao sisi wa Mombasa hukimbilia kivulini. Kule Leeds, anakoishi shemeji yangu, udongo ndiyo kwanza unaanza kuachana na ubaridi wa miezi iliyopita, na mwenye bustani huhesabu wiki akisubiri jalidi ya mwisho, yaani umande unaoganda kuwa barafu, ipite. Huku Kisauni kaskazi imekwisha kuchoka, joto la mchana linafika nyuzi 32 na kupita, na mwenye bustani hutazama mawingu ya upande wa bahari akiyasubiri masika. Sote tunasubiri, ila mwenzangu anasubiri joto lije nami nasubiri liondoke, na hapo ndipo maelekezo mengi ya bustani tunayoyasoma mitandaoni yanapompoteza mtu wa pwani.

Maelekezo hayo si ya uongo, na yafaa mtu ajue yalitokana na nini kabla ya kuyatupa. Katika nchi ya baridi ratiba nzima ya mboga hupangwa kwa kumkwepa adui mmoja, naye ni baridi. Minji huweza kuota udongo ukiwa na nyuzi 5 tu za joto, ndiyo maana Waingereza huzifukia ardhini mapema mwezi wa Machi. Lakini nyanya na pilipili hazisogei mpaka udongo ufike nyuzi 15 au zaidi, kwa hiyo huatikwa ndani ya nyumba, kando ya dirisha linaloingiza jua, wiki sita hadi nane kabla ya tarehe inayokadiriwa kuwa ya jalidi ya mwisho, ambayo kaskazini mwa Uingereza huweza kushuka hata mwezi wa Mei. Wengine hufunika matuta yao kwa karatasi nyeusi za nailoni ili udongo upate moto haraka. Miche ikishakua hutolewa nje mchana na kurudishwa ndani usiku, kwa muda wa wiki moja au siku kumi, mpaka izoee upepo na ubaridi wa nje.

Sasa mchukue mtu wa Mombasa ambaye amesoma hayo yote na kuyatii. Ataifunika ardhi yake kwa nailoni nyeusi mwezi wa Machi na kuichoma kila mbegu iliyomo. Mchanga mtupu uliopigwa na jua la saa saba mchana huwa moto kuliko hewa iliyo juu yake, kiasi cha kumfanya mtu asiweze kusimama juu yake miguu mitupu, na mbegu ya saladi, kwa mfano, ikikuta joto linalokaribia nyuzi 30 hulala usingizi na kukataa kuota hata ikimwagiwa maji kutwa mara tatu. Mbegu ni nzima. Imeumbwa kuogopa kiangazi. Mchicha, bamia na kunde zimeumbwa kinyume chake: joto linaloilaza saladi ndilo linaloziamsha, na mchicha hasa ni katika mimea michache ya mboga ambayo hutengeneza chakula chake kwa ufanisi zaidi jua linapokuwa kali. Ukitaka kuanza mwezi wa Machi, basi anza na hizi, na habari ya saladi, kabichi na karoti iache kwanza. Kabichi na karoti zinazouzwa katika soko la Kongowea hushushwa kutoka nchi za juu kama vile Taita, nazo huja zimekwisha kukua katika baridi zinayoipenda.

Hata hivyo lile zoezi la kuizoeza miche halifai kuachwa, ligeuzwe tu. Kile ambacho kioo cha dirisha humfanyia mtu wa Leeds, mimi hufanyiwa na makuti. Kitalu changu cha miche ya biringani na pilipili hukaa chini ya kichanja kifupi kilichoezekwa makuti machache yaliyoachana, ili jua lipite kwa vipande. Miche ikipata majani manne ya kweli, yaani mbali na yale mawili ya kwanza yatokayo kwenye mbegu, mimi huanza kuyaondoa makuti hayo moja moja, kwanza upande wa mashariki ili ipate jua la asubuhi ambalo ni pole, na la mwisho kuondoka ni lile linalokinga jua la alasiri. Mche uliotolewa kivulini na kupandikizwa juani siku hiyo hiyo hubabuka majani, ukabaki na madoa meupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Kupandikiza kwenyewe hufanywa jioni, baada ya alasiri, mche upate usiku mzima wa kujishika.

Kuhusu wakati wenyewe wa kupanda, wazee wa pwani walikuwa na hesabu ambayo nasikitika kuona tunaisahau. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo mkulima hawezi kusema kwamba masika huanza Rajabu au Shaabani, kwa sababu miezi hiyo huzunguka misimu yote. Ndipo Waswahili wakawa na mwaka wa pili, wa jua, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, ambayo zama hizi huangukia mwezi wa Julai. Nahodha aliujua mwongo wa kusafiria, na mkulima akaujua mwongo wa kuchoma vichaka na mwongo wa kupanda. Leo tunayo Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga, ambayo hutangaza mwelekeo wa mvua za Machi hadi Mei kabla ya msimu kuanza, na tangazo hilo lafaa lisikilizwe. Lakini alama za karibu bado zinasaidia: tanga mbili, yaani pale kaskazi inapokatika na kusi haijashika, upepo ukivuma leo hivi na kesho vile, hewa ikawa nzito usiku, basi ujue kazi ya kutayarisha matuta imekwisha kuchelewa.

Mvua ya kwanza haipandiwi. Jirani yetu mmoja, mama wa Kigiriama anayeuza mchicha na mchunga karibu na stendi, alinikuta nimeshika mfuko wa mbegu asubuhi baada ya manyunyu ya mwanzo, akanicheka. “Mvua ya kwanza ni ya kumbikumbi, mwanangu, yako ni ile inayofuata.” Nikamwitikia, “Naam, mama,” nikaurudisha mfuko ndani. Alikuwa na sababu. Manyunyu hayo hulowesha nusu kidole cha udongo, mbegu hupasuka, kisha jua hurudi kwa siku nane au kumi na kuikausha chipukizi kabla mzizi wake haujafika penye unyevu. Ukichimba kwa kidole na kukuta maji yameshuka hadi kina cha kiganja, hapo panda.

Udongo wetu ndio unaotaka maneno mengi zaidi. Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani unaokizunguka umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mara nyingi jembe likishuka kidogo tu hugonga jiwe. Juu ya jiwe hilo pana mchanga usioshika maji, wenye chokaa nyingi. Chokaa ina hila yake: madini ya chuma huwamo ardhini, lakini huyafunga yasiweze kunyonywa na mizizi, na dalili yake huonekana kwenye majani machanga, yanayogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mithili ya ramani ya mito. Wengi wakiona hivyo huongeza maji. Maji hayana kosa hapo. Kinachotakiwa ni mboji na samadi iliyooza vyema, msimu baada ya msimu, kwa sababu vitu vilivyooza huipunguzia chokaa makali na kuupa mchanga uwezo wa kushika unyevu.

Na hapa nina neno kwa wale wanaofuata mashauri ya kutoka bara. Kumwaga majivu ya jikoni bustanini ni shauri jema mahali ambapo udongo ni mchachu, kama vile milimani penye mashamba ya chai. Kwetu majivu huongeza lile lile tatizo tulilo nalo, kwa hiyo tafadhali yapelekeni kwingine. Mbolea ya kuku nayo, ambayo hupatikana kwa urahisi, huunguza miche ikitiwa mbichi, na lazima ikae imefunikwa mpaka ipoteze ile harufu inayowasha pua.

Kwa kuwa kwenda chini haiwezekani, mimi hupanda juu. Tuta huzungushiwa magogo ya mnazi, kimo cha goti au pungufu, na chini kabisa hupangwa makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku kadhaa na kumwagwa maji yake. Makumbi hayo hunyonya maji na kuyatoa polepole, na katika mchanga wetu hiyo ni nusu ya kazi ya kumwagilia. Juu yake hutiwa udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya mbuzi, na mwisho hufunikwa majani makavu. Tuta lililoinuliwa lina faida ya pili ambayo haionekani mwezi wa Machi: masika yakipamba moto mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, bustani za usawa wa ardhi hugeuka madimbwi na mizizi huoza.

Maji ni suala ambalo kila mkaazi wa Mombasa analijua bila kuambiwa. Mji unategemea maji yanayotoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi, na mfereji unaweza kukauka siku nyingi mfululizo, mtu akabaki kununua mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni. Kuyamwaga maji hayo kwenye bamia kunauma. Ndiyo maana napinga kabisa kuanza bustani mwezi wa Januari au Februari, kaskazi inapovuma. Mboga itakayokunywa maji ya kununua miezi miwili ni ghali kuliko ile ya sokoni. Maji ya kisima cha chumvi hutumika kwa uangalifu: maharagwe huyachukia mno na kuungua ncha za majani, ilhali spinachi yetu ya bua jeupe, ambayo ni jamaa ya bitiruti na asili yake ni mmea wa ufukweni, huyavumilia. Masika nayo husaidia kuisafisha chumvi iliyojikusanya ardhini, mradi tuta linapitisha maji.

Mbegu za mchicha ni ndogo kama chembe za baruti, na mtu akizimwaga kwa mkono huota zote mahali pamoja. Changanya kijiko kimoja na vijiko kumi vya mchanga mkavu, kisha nyunyiza katika mifereji mifupi na kufunika kwa udongo mwembamba sana, usiozidi unene wa kucha. Baada ya wiki tatu au nne utaanza kuchuma, kwanza kwa kung'oa miche iliyosongamana, ambayo huliwa na mizizi ikikatwa tu. Bamia hulowekwa usiku kucha kwa kuwa ganda lake ni gumu, na huanza kuzaa ikikaribia miezi miwili. Kunde hazina shida yoyote. Tupa mbili mbili shimoni, na uchume majani machanga bila kungoja mbegu.

Mvua ikishika, wageni hufika. Konokono wakubwa hutoka usiku, na dawa yao ni tochi na ndoo. Kunguru, ndege aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa ameumiliki mji wetu, hung'oa miche kwa utundu tu bila kuila. Nyavu kuukuu za wavuvi, zikitandazwa juu ya vijiti, humzuia yeye na mbuzi wa jirani kwa pamoja.

Zimebaki zile mboga ambazo watu huzipenda zaidi, nazo ni nyanya na vitunguu. Nyanya ya Machi hapa hupata taabu mara mbili: maua yake hupukutika bila kutunga usiku usiposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yaliyotunga huingiliwa na ukungu wa majani mvua za Mei zikinyesha mfululizo. Iatike mwishoni mwa Mei chini ya makuti, uipandikize mwishoni mwa Juni masika yanapokatika, na itachanua katika kipupwe cha Julai na Agosti, usiku ukiwa na nyuzi 20 hadi 22. Sukuma wiki nayo ifuate ratiba hiyo hiyo. Kwa vitunguu, pakiti za mbegu za shemeji yangu wa Leeds nimezigawa nikiwa na shaka nazo tangu nilipoziona, kwa sababu aina za Uingereza hungoja siku yenye mwanga wa saa 14 au 16 ndipo zifanye tunguu, na Mombasa mchana hukaa karibu na saa 12 mwaka mzima, tofauti yake isifike hata saa moja. Zingeota, zingestawi, na zingetoa majani mpaka zichoke. Agroveti za hapa zinauza Red Creole, ambayo hufanya tunguu katika mchana mfupi kama wetu. Hiyo ndiyo nitakayoiatika pamoja na nyanya.