Klematisi yangu, maganda ya balungi na ushauri wa shemeji

Naishi Woking, kusini-magharibi mwa London, mwaka wa kumi na kitu sasa. Sikujua kwamba klematisi, ua la kupanda uzio, ile ya zambarau iitwayo Jackmanii, ilizalishwa mji huu huu, na familia ya Jackman waliokuwa wakiuza miche. Walichavusha 1858, miaka 31 kabla ya msikiti wetu wa Shah Jahan kujengwa. Nilipolisikia hilo niliona aibu kuwa na uzio mtupu. Nikanunua mche, pauni kumi na tano hivi, nikaupanda mwezi wa tano, nikampigia picha shemeji yangu aliyeko Tanga.

Wiki ya tatu tu, mashina mawili kati ya matatu yakalala. Asubuhi yamesimama, jioni yananing'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

Shemeji akasema kiu. Kila mtu husema kiu. Nikamwaga ndoo asubuhi na ndoo jioni, siku nne. Akaongeza: tia samadi ya mbuzi. Mbuzi wa kumtoa wapi mimi hapa Woking? Nikatia ya farasi. Kama ningetumia akili ningeona jibu liko mbele yangu: udongo umelowa chapachapa, na shina la tatu, linalonywa kwenye mizizi ileile, limesimama wima. Mmea wenye kiu hulegea wote.

Mzee jirani akachungulia juu ya uzio akasema ni koa, wale konokono wasio na gamba, wanatafuna shina usiku. Dawa yake: bia kwenye kisahani, wataifuata, watatumbukia, watakufa wamelewa. Mimi niliyesoma chuo cha Kurani Pangani nipange foleni na chupa ya bia, na nusu ya jamaa wa safu yangu msikitini wananunua duka lilelile! Nani atakayeamini kwamba ni ya konokono? Mzee alicheka mpaka akashika uzio, kisha akanipa njia ya pili: kula balungi, ganda la nusu lifunike chini karibu na shina. Koa hupenda pale penye giza na unyevu, asubuhi unafunua unawaokota.

Wiki nzima nilikula mabalungi mpaka fizi zikawasha. Siku ya kwanza koa kumi na mmoja. Ya pili kumi na tisa! Nikawa natoka alfajiri na tochi na kopo, baada ya sala, kama mwindaji. Mke wangu akawa ananiuliza, "Leo umepata wangapi?" Sijapata kuwa hodari hivyo katika jambo lolote. Siku ya sita shina la tatu nalo likalala.

Ndipo nilipopiga magoti nikaangalia kwa makini, jambo la kufanya tangu siku ya kwanza. Hakuna alama ya jino. Mishipa ya majani myeusi, na shina karibu na udongo limekuwa jeusi kiasi cha urefu wa kidole. Nikalipasua kwa kisu: ndani kahawia. Ukungu huo. Huingia kwenye shina na kuliziba, maji hayapandi. Bomba likiziba, kujaza tangi kunasaidia nini? Klematisi za maua makubwa ndizo hasa zinazopatwa. Zile za mauamaua madogo kama viticella hazisumbuki sana. Mizizi kwa kawaida hubaki mizima.

Nikakata yote matatu hadi chini ya udongo, makasi nimeyafuta kwa spiriti. Mabaki niliyatia pipa la taka, si kwenye rundo la mboji. Mke wangu akasema, "Basi umeshaiua." Mzee akamtuliza: aina hii hukatwa fupi kila Februari hata ikiwa nzima.

Halafu kosa langu kubwa. Nilikuwa nimeipanda usawa uleule wa kopo lake. Klematisi hii inataka kuzama, vidole vinne zaidi, ili macho ya shina yawe salama chini na yachipue upya yaliyo juu yakifa. Kwa kuwa ilikuwa bado changa, niliing'oa na bonge lake zima la udongo nikaishusha. Juu ya mizizi nikaweka kigae kilichovunjika, maana hupenda miguu kivulini na kichwa juani. Maji ndoo moja kwa wiki, chini, majani hayaguswi.

Wiki sita hakuna kitu. Mke wangu ndiye aliyekiona kwanza, kijichipukizi chekundu-chekundu kama ncha ya kalamu. Kisha vinne. Julai ya mwaka uliofuata uzio haukuonekana kwa zambarau.

Nikamtumia shemeji picha. Akajibu dakika ileile: "Si nilikwambia samadi?"