Gogogo Mchanga wa Beseni la Majike

Miaka ile nilifanya kazi Kigoma, katika yadi ya samaki wa mapambo. Samaki walioletwa na wapiga mbizi kutoka miambani walipumzishwa kwanza kwenye mabeseni ya saruji, kisha wakafungwa katika mifuko yenye oksijeni na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Mimi niliandika lebo, kazi ambayo watu huidharau mpaka mteja alalamike kwamba hakuletewa samaki aliyemlipia.

Asubuhi moja mwenzangu alikuwa akisafisha beseni walimokaa kwa wiki kadhaa majike wa Ctenochromis horei, samaki wa ukoo mmoja na perege ambao huatamia mayai mdomoni. Chini ya kigae alimkuta gogogo, samaki wa jamii ya kambare, wa sentimita tatu hivi. Msimamizi wetu, ambaye sote tulimwita Mzee, alimtupia jicho mara moja na kusema ni Synodontis petricola, aina mojawapo ya gogogo wenye madoa, aliyeruka kutoka beseni la jirani.

"Mrudishe kwa wenzake, kijana, tuendelee na kazi."

"Sawa, Mzee, ila naomba kwanza nimtazame tumboni."

Sikumchukua kwa wavu, kwa sababu mwiba wa pezi la kifua la gogogo una meno, na ukishanasa kwenye nyuzi ni lazima ukate wavu ama umuumize samaki. Nilimkinga kwa kikombe cha plastiki, naye akatoa ule mlio wao wa kukwaruza unaotokana na kusugua mwiba kwenye mfupa wa bega, kisha nikamhamishia kwenye chupa ya kioo.

Madoa ya ubavuni hayakunisaidia. Gogogo wachanga wa Ziwa Tanganyika wenye madoa huwa na madoa machache na makubwa, yanayoongezeka kadiri wanavyokua, hivyo kumlinganisha mtoto na picha ya samaki mzima ni kujisumbua bure. Pezi jeusi la mgongo lenye ukingo mweupe nalo halitofautishi kitu, maana spishi kadhaa za ziwa hilo zinalo. Tumbo ndilo lililozungumza: la petricola huwa na madoa, lakini la huyu lilikuwa jeupe tupu. Tena jicho lake lilikuwa kubwa mno kwa kichwa kile.

Hapo nilianza kuwaza gogogo wa aina nyingine, Synodontis multipunctatus, na beseni alimokutwa likaniunga mkono. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alieleza jinsi gogogo huyo anavyotaga mayai yake pale majike wanaoatamia wanapotaga yao, nao wakayaokota yote pamoja bila kutambua. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, na vitoto vyake huwala watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni. Sijui kama kuna ujambazi mwingine majini uliopangwa vizuri hivyo.

Hata hivyo sikuweza kuandika lebo, kwa sababu jicho kubwa lilimleta mshukiwa mwingine: Synodontis grandiops, ambaye watafiti Wright na Page walimtenga na multipunctatus mwaka 2006 kwa ukubwa wa jicho na kwa idadi ya miali, yaani vijiti vinavyolishikilia pezi, ya pezi la kifua. Grandiops ana miali saba yenye matawi, multipunctatus ana minane. Nilisimamisha tochi nyuma ya chupa, nikashika lensi na kungoja samaki atulie na kukunjua pezi. Kila nilipofika mwali wa tano aligeuka. Hatimaye alijibandika kwenye kioo, nami nikahesabu minane nyuma ya mwiba, kisha nikamwita mwenzangu ahesabu naye bila kumwambia nilichopata. Akasema minane.

Mzee aliisoma lebo ya multipunctatus taratibu, akauliza kama huyo huuzwa ghali kuliko petricola. Nilipomwambia ndiyo, aliagiza kila jike mwenye koo lililovimba atengwe kwenye ndoo yake, na lebo zao zisiandikwe mpaka wateme walichobeba.