Ngano mbichi ndani ya bia

Mwenye nyumba wangu mjini Leuven, Ubelgiji, alikuwa akipika bia gerejini kwake, na Jumamosi moja ya Novemba alihitaji mtu wa kumshikia mpira wa maji. Alikuwa anapika bia nyeupe ya kwao, ile iliyotoweka kijijini Hoegaarden hadi Pierre Celis alipoifufua katikati ya miaka ya 1960. Karibu nusu ya nafaka yake ni ngano ambayo haikuoteshwa. Wabavaria wa kusini mwa Ujerumani nao wana bia ya ngano, ila wao hutumia kimea cha ngano. Hii ni ngano mbichi, ile ile ya kusaga unga.

Kwa lita 20 alipima kilo 2.4 za kimea cheupe cha shayiri, kilo 2 za ngano na gramu 250 za oti bapa. Shayiri aliiparaza kwa nafasi ya milimita 1.2 kati ya magurudumu ya kinu, kisha akaibana hadi 0.8 kwa ajili ya ngano. Alisaga kila moja peke yake kwa sababu ganda la shayiri linatakiwa libaki zima, ndilo chujio la baadaye. Ngano haina ganda. Punje yake ni ndogo na ngumu, na kinu kilichoachwa wazi huipitisha nzima.

Aliyewahi kupika togwa ataelewa kilichofuata. Uji wa mahindi ni mzito hadi utie kimea cha ulezi. Hapo hulainika na kuwa mtamu. Ngano mbichi ina wanga tele, lakini haina vimeng'enya vya kutosha kuugeuza sukari, kwa hiyo kimea cha shayiri hufanya kazi ya nafaka zote mbili. Kimea cheupe kinaimudu ngano ya kiasi hicho. Kilichokaushwa kwa moto mkali hadi kikawa cheusi hakiwezi, vimeng'enya vyake vimeshaungua.

Wanga wa ngano huiva chini ya nyuzi 65, kwa hiyo kuichemsha si lazima kama ilivyo kwa mahindi. Yeye aliichemsha hata hivyo, kwa kuwa chenga ngumu hufunguka polepole. Alitia ngano kwenye lita 6 za maji pamoja na gramu 200 za kile kimea, akaiacha kwenye nyuzi 68 kwa robo saa, kisha akaichemsha robo saa nyingine akikoroga bila kupumzika. Bila ule mkono wa kimea ungepata ugali ulioshika chini. Kimea kilichobaki na oti vilikuwa vimelowekwa kwenye lita 8, nyuzi 48. Ngano iliposhuka hadi 90 aliimimina humo kidogo kidogo, jicho kwenye kipimajoto, mpaka 66. Ukiimwaga yote kwa pupa, pale inapoangukia joto linaruka 70 na vimeng'enya vinaanza kufa.

Baada ya saa moja alidondosha ayodini juu ya tone la maji yale kwenye kisahani cheupe. Ikibadilika kuwa buluu iliyokolea, wanga bado upo. Ilibaki na rangi yake ya kahawia.

Akafungua nusu koki ya chini ya sufuria, ili maji matamu yachujike. Zikatoka lita kama 4, kisha uzi mwembamba, kisha basi. Utelezi wa ngano na protini zake ulikuwa umejitandaza juu ya sahani ya matundu, na mvuto wa koki ukaushindilia. Wengi hapa huongeza kufungua, na ndivyo wanavyoharibu kabisa. Yeye alifunga, akaniambia niinue mpira wa koki juu ya sufuria, akamimina lita moja ya maji ya nyuzi 76 kupitia faneli ili yapande kutoka chini na kuyanyanyua machicha. Kisha akachanganya gramu 250 za makapi ya mpunga yaliyokwisha kulowekwa, akapasha yote hadi 76, akangoja dakika kumi. Koki ikafunguliwa robo tu, na maji ya kwanza yenye chenga yakarudishwa juu. Joto hulainisha utelezi, ila likipita 78 maganda huanza kutoa ukakasi.

Kuchemsha kulikuwa kwepesi: saa moja, gramu 30 za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) aina ya Saaz mwanzoni, na dakika tano za mwisho gramu 15 za giligilani iliyotwangwa nusunusu na gramu 15 za maganda makavu ya danzi. Wapo wanaotia konzi ya unga wa ngano hapa ili bia iwe na ukungu. Kwake huo ulikuwa uzembe: wanga usiogeuzwa ni chakula cha bakteria, na ngano yenyewe inaleta ukungu wa kutosha.

Ilipopoa hadi 20 haidromita, kipimo cha sukari iliyomo, ilisoma 1.048, akatia hamira ya bia nyeupe. Wiki mbili baadaye ilisoma 1.011 na haikushuka tena, tukaijaza chupani na gramu 7 za sukari kwa kila lita. Alitaka inywewe ndani ya miezi mitatu, kabla giligilani haijafifia, na kila chupa izungushwe kabla ya kumimina theluthi ya mwisho, kwa sababu ukungu hutuama chini.