Kiharusi cha mjomba, na chanzo hakionekani

Mjomba aliangusha kikombe cha chai asubuhi, akabaki anakiangalia tu pale chini kama vile sio mkono wake ulioachia, na mdomo ukaenda upande. Ana miaka 47, presha hana, sukari hana, sigara hajawahi. CT skani ikaonyesha bonge la damu limeziba mshipa wa ubongo, lakini limetoka wapi? Vipimo vyote safi.

Jamani hii ipo sana, karibu robo ya viharusi vya mshipa kuziba chanzo hakionekani, na kwetu maneno ya "karogwa" yakaanza hapohapo, yaliniuma mno. Daktari akatuelewesha kutoonekana sio kwamba hakipo. Wakati mwingine ni moyo unaodunda ovyo kwa vipindi, leo uko sawa kesho unaruka, sasa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ya sekunde 10 itaukamata saa ngapi? Utafiti wa CRYSTAL AF wa 2014 waliwawekea wagonjwa kifaa kidogo chini ya ngozi, ndani ya mwaka asilimia 12.4 wakakutwa na mdundo huo, waliofuatiliwa kawaida asilimia 2 tu.

Kwa hiyo aspirini aliyoandikiwa haachi, na dawa kali za kuzuia damu kuganda hajiongezei mwenyewe maana zinavujisha damu. Presha tunapima, chumvi tumepunguza, jioni tunatembea wote.

Ukiona uso umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki, usianze kuchua na mafuta, kimbiza mtu hospitali, sindano ya kuyeyusha bonge kwa kawaida inachomwa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze.