Nilivyoweka nguzo za chuma mbele ya duka langu la dawa Tabata

Duka langu la dawa lipo Tabata, fremu ya mwisho pale barabara inapokata kona, na kutoka kwenye lami mpaka mlangoni ni kibaraza tu. Hapo ndo wateja wangu wanakaa kwenye benchi wakisubiri, wengi wazee na kina mama wamebeba watoto wanaoumwa, watu ambao gari likiwajia hawana mbio za kulikwepa. Mwaka jana IST ilikuja kupaki saluni ya jirani yangu, dereva akakanyaga mafuta akidhani kakanyaga breki, gari likapanda ngazi, likavunja mlango wa kioo, likaenda kusimama kwenye viti vya kusukia. Ilikuwa asubuhi mapema, dada wa saluni yuko uani anachota maji, hakuna aliyeumia namshukuru Mungu. Watu wote wakawa wanamsema dereva, ila mi nilikuwa naangalia ile ngazi ya simenti, maana tairi ilikuwa imeipanda kama vile haipo.

Nikaamua lazima tuweke nguzo, zile fupi za chuma unazoziona mbele ya mabenki na supamaketi.

Nikamfuata mwenye nyumba jioni, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza. Akaniambia si nipange tu ndoo kubwa za maua, zinapendeza na hela ni kidogo. Nikamwambia mzee, ndoo ya maua gari linaisukuma, na yenyewe inaenda kumvunja mtu miguu. Nikamwonyesha kwenye simu picha za Times Square, New York, Mei 2017, jamaa aliendesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu, akagonga watu wengi, binti mmoja akafariki, na kilicholisimamisha gari ni nguzo za chuma, kwenye picha unaliona limeinuka upande mmoja juu yake. Mzee akaiangalia sana, afu akaanza kunihadithia ubalozi wa Marekani hapa Dar, Agosti 1998, jinsi lile gari la maji lilivyokuwa limeziba getini na lori la bomu likashindwa kuingia ndani. Watu walikufa, akasema, ila lingeingia ingekuwa habari nyingine. Akamaliza na "haya fanya, ila usiniletee kesi na watu wa barabara."

Na hapo alikuwa na haki kabisa. Barabara ina hifadhi yake, na ukichimbia kitu humo unaweza kuambiwa ung'oe kwa gharama zako, wote tunaijua ile X nyekundu ya kuamriwa kubomoa. Nikaenda serikali ya mtaa, nikaulizia na TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini, tukatafuta bikoni za kiwanja, yale mawe ya mpaka, moja tukaikuta imefukiwa na takataka, tukavuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni na nguzo zote zikawa upande wetu. Msiiruke hii.

Sasa fundi. Wazo lake lilikuwa kuchomelea kisahani chini ya kila nguzo na kuifunga kwa bolti nne juu ya sakafu ya kibaraza. Nikakataa. Sakafu yenyewe ni inchi tatu, gari likigonga bolti zinachomoka na vipande vya zege, nguzo inalala. Kinacholizuia gari ni sehemu ya nguzo iliyoko chini ya ardhi, ile ya juu inapokea tu. Na bomba alilotaka kutumia ni yale membamba ya kushikilia paa la kibaraza, ukiligonga na nyundo linabonyea. Tukaenda mtaa wa Gerezani, kule Kariakoo, tukapata ya inchi 6, unene wa chuma kama milimita 7, tukakata vipande vya mita mbili, nusu inakaa juu na nusu inazama. Shimo mita moja na kidogo kwenda chini, pana kiasi cha koleo kuzunguka, kokoto kwenye kitako, nondo mbili zimepita msalaba mwishoni mwa bomba ili lisizunguke wala kuchomoka. Zege ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto, maji kidogo, unashindilia na nondo mpaka mapovu yaishe, na ndani ya bomba kwenyewe unajaza mpaka juu. Timazi kila upande kabla halijakaza. Kichwani fundi alilifinyanga zege liwe na mgongo ili maji ya mvua yasituame, afu tukawa tunamwagilia wiki nzima.

Shimo moja likakuta bomba la maji hata nusu mita haijafika. Hapo hatukulazimisha, tukachimba mfereji wa kina kifupi kuunganisha mashimo matatu, tukasuka nondo kama za mkanda wa nyumba na kulivusha zege juu ya bomba bila kuligusa, kwa hiyo nguzo zile tatu zinashikana chini kwa chini, ukiisukuma moja unazisukuma zote.

Nafasi kati ya nguzo na nguzo nimeacha mita 1.2. Gari halipiti, bajaji nayo ina upana wa mita 1.3 hivi kwa hiyo haipiti, na mteja wa kiti cha magurudumu anapita bila kuomba msaada, maana yeye sentimita 90 zinamtosha. Mangi wa fremu ya tatu alilalamika wateja watakosa pa kupaki, ila wanapaki vilevile, wanaishia tu kwenye nguzo badala ya kusogeza bampa mpaka mlangoni.

Niseme ukweli, nguzo hizi ni za gari dogo linalokuja kupaki. Mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne, na Fuso iliyokatika breki hazitaisimamisha. Zipo zinazopimwa kwa lori la kilo 6,800 likija na kilomita 80 kwa saa, hizo ni za balozi na viwanja vya ndege na gharama zake si za fremu.

Tumezipaka njano na stika zinazong'aa usiku, vumbi la hapa linazifunika haraka kwa hiyo kijana wangu anazifuta kila anapofagia. Dada wa saluni naye ameshachimba za kwake. Bodaboda bado wanapenya katikati, na magari yanaingia kona kwa mwendo uleule, ndo maana sasa tumeandika barua tuwekewe tuta kabla ya kona, barua iko mtaani, wiki hii naifuatilia.