Neno la Rais na Muhuri Wake

Hapa Mombasa, ambapo riziki za watu wengi hutegemea bandari, kauli ya Rais jukwaani yaweza kuyageuza maisha ya mawakala wa forodha, madereva wa malori na wachukuzi kwa siku moja. Ndiyo maana naithamini mno Ibara ya 135 ya Katiba yetu, ijapokuwa hainukuliwi sana. Inataka kila uamuzi ambao Rais anaufanya katika kutekeleza majukumu yake chini ya Katiba uwe wa maandishi, wenye muhuri na saini yake.

Katiba ya zamani iliyakabidhi mamlaka ya utendaji kwa Rais mwenyewe. Hii iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 yaanza na mwananchi, kwani Ibara ya 129 yatamka kwamba mamlaka hayo yanatoka kwa watu wa Kenya. Rais angali Kiongozi wa Nchi na Serikali, na Amiri Jeshi Mkuu, lakini huyatumia mamlaka hayo akisaidiwa na Naibu wake pamoja na mawaziri wasiopungua 14 wala kuzidi 22, ambao hawezi kuwateua bila idhini ya Bunge la Taifa. Mipaka hiyo si pambo. Mnamo Julai 2023, Mahakama Kuu ilizibatilisha nafasi 50 za mawaziri wasaidizi kwa kuwa zilikiuka Katiba.

Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kuidhinisha mizigo zingerejeshwa katika bandari ya Mombasa. Wengi hapa tulifurahi, na kwa haki, maana kuhamishiwa bara kwa kazi hizo kuliwaumiza watu wa Pwani. Hata hivyo, nawasihi wenzangu tuangalie jambo hili: kilichorudishwa kwa tamko chaweza kuondolewa kwa tamko. Barazani utasikia mtu akisema, "Rais ameshasema," na mjadala ukafungwa hapo, ilhali Katiba haikuufunga.

Mchukuzi aliyepoteza kibarua kwa sababu ya agizo la Serikali ana haki, chini ya Ibara ya 47, ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Akienda mahakamani na karatasi yenye saini, jaji ana kitu cha kukipima. Akienda na kumbukumbu ya hotuba, kazi yake ni nzito zaidi. Kwa hiyo, kila agizo linaloigusa bandari hii tulidai kwa maandishi, hata lile linalotupendeza.